Koili ya Masafa ya Chini Katika Kihisi cha Upepo wa Tairi: Ichaguliwe kwa Kigezo Gani?

Kihisi cha upepo kinachokaa ndani ya tairi la gari kina antena mbili. Ya kwanza hutuma taarifa za presha na joto kwenye gari kwa redio ya megahezi 315 au 433.92. Ya pili kwa kawaida haitumi chochote. Ni koili ndogo ya waya mwembamba uliozungushwa kwenye kijiti cha feraiti, urefu wake takriban sentimita moja, na kazi yake ni kusikiliza amri zinazokuja kwa masafa ya kilohezi 125. Kwa koili hiyo kihisi huamshwa kiwandani, huulizwa namba yake na fundi gereji, na kihisi mbadala aghalabu huandikiwa programu.

Mkanganyiko huanzia hapo. Muuzaji wa vipuri akiulizwa kihisi ni cha masafa gani hujibu 315 au 433, na mnunuzi huondoka akiamini kwamba hayo ndiyo yote. Kihisi kisipoitikia kifaa cha fundi, lawama huiendea betri. Miongoni mwa wabunifu wa saketi mkanganyiko ni wa namna nyingine: koili hulinganishwa kwa namba moja tu, indaktansi, kana kwamba yenye milihenri nyingi zaidi ndiyo bora. Namba hiyo ina uzito wake, lakini haistahili kutangulia. Swali la kwanza ni uga wa sumaku utatoka wapi na kwa umbali gani. La pili ni koili itavumilia nini ndani ya gurudumu. Mengine hufuata majibu ya hayo mawili.

Sheria zilizoileta koili kwenye tairi

Mwaka 2000 kampuni ya Firestone iliitisha mamilioni ya matairi nchini Marekani, mengi yakiwa yamefungwa kwenye Ford Explorer, baada ya ajali zilizotokana na matairi kubanduka. Mwaka huohuo Bunge la Marekani lilipitisha sheria ya TREAD. Kanuni iliyozaliwa na sheria hiyo, FMVSS 138, ilitaka ifikapo Septemba 2007 magari mepesi yote mapya yawe na mfumo wa kumwonya dereva tairi linapopungukiwa upepo kwa asilimia 25 chini ya kiwango kilichopendekezwa. Umoja wa Ulaya ulifuata, na tangu Novemba 2014 kila gari jipya la abiria linalouzwa huko lina mfumo wa aina hiyo.

Sheria hizi hazikulazimisha koili. Kuna mfumo usiotumia kihisi chochote ndani ya tairi: kompyuta ya breki za ABS hulinganisha kasi za magurudumu na kugundua lile linalozunguka haraka kuliko mengine kwa sababu limenywea. Mfumo huo ni wa bei nafuu na unapatikana kwenye magari mengi ya Ulaya. Udhaifu wake ni kwamba matairi yote manne yakipungua kwa pamoja, tofauti ya kasi inakuwa ndogo mno kuaminika, na dereva haoni presha kamili ya kila tairi. Mfumo wa kihisi hupima presha yenyewe, na ndio unaohitaji antena ya kusikiliza.

Haja hiyo inatokana na betri. Kihisi hufungwa na kumiminiwa gundi, hivyo betri yake ndogo ya mviringo haibadilishwi. Betri ya miliampea-saa 300 ikitakiwa idumu miaka 10, wastani wa matumizi yote hauwezi kuzidi maikroampea 3.4. Redio ya megahezi 433 haiwezi kukaa ikisikiliza kwa kiwango hicho. Koili inaweza, kwa kuwa yenyewe haili umeme. Kinachokula ni kikuza mawimbi kidogo ndani ya chipu, nacho huwashwa kwa vipindi. Kihisi hukaa kama mlinzi aliyelala huku sikio moja liko wazi.

Kwa Afrika Mashariki suala hili lina sura ya pekee. Japani haikuwahi kulazimisha mfumo huu kama Marekani na Ulaya, kwa hiyo magari mengi ya mitumba kutoka huko hufika bila vihisi. Yanayotoka Uingereza au Marekani mara nyingi huja navyo. Kenya hairuhusu kuingiza gari lililozidi umri wa miaka 8, na betri za vihisi kwa kawaida hudumu kati ya miaka 5 na 10. Gari linaweza kushushwa Mombasa likiwa zima kabisa huku vihisi vyake viko ukingoni, na kihisi mbadala kitakachofungwa kitahitaji kuamshwa na kuandikwa. Njia ya kufanya hivyo hupitia koili.

Kwa nini kilohezi 125

Wimbi la masafa hayo lina urefu wa kilomita 2.4, kwa hiyo umbali kati ya kifaa cha fundi na kihisi ni sehemu ndogo isiyohesabika ya wimbi moja. Kinachofanya kazi hapo si redio kwa maana ya kawaida. Ni uga wa sumaku wa karibu, kama katika transfoma ambayo koili zake mbili zimetenganishwa na hewa na mpira. Uga huo hupungua kwa mchemraba wa umbali: ukienda mara mbili mbali, unabaki sehemu moja ya nane. Wengi huona hiyo ni kasoro. Kwa kweli ni fadhila, maana fundi anataka kuamsha gurudumu moja bila kuyaamsha mengine matatu.

Mpira na maji haviuzuii uga huo. Metali huuzuia. Kwenye aluminiamu, uga wa kilohezi 125 hudhoofika ndani ya robo ya milimita tu, kwa hiyo rimu ni ukuta kamili. Chini ya kashata kuna mikanda ya waya wa chuma. Mlango uliobaki ni ubavu wa tairi, na ndiyo sababu kifaa cha kuamsha huwekwa ubavuni, karibu na vali.

Hoja ya indaktansi kubwa

Koili ikiunganishwa na kapasita hupatikana saketi ya resonansi, inayokuza masafa fulani na kuyapuuza mengine. Koili zinazouzwa kwa kazi hii huanzia takriban milihenri 2.38 na kupanda hadi 7.2, nyingine zaidi. Ili saketi ikae kwenye kilohezi 125, koili ya milihenri 7.2 hudai kapasita ya pikofaradi 225. Ya 4.77 hudai 340, na ya 2.38 hudai 681.

Wanaotetea namba kubwa wana hoja ya kweli. Kwa kiini kilekile cha feraiti, volteji inayozaliwa kwenye koili hupanda sawa na idadi ya mizunguko ya waya, wakati indaktansi hupanda kwa mraba wa idadi hiyo. Kutoka milihenri 2.38 hadi 7.2, volteji huongezeka mara 1.74. Chipu inayosubiri ishara ya milivolti chache huona tofauti hiyo wazi.

Lakini kanuni ya mchemraba hula sehemu kubwa ya faida. Usikivu ukiongezeka mara 1.74, umbali wa kusikia huongezeka kwa asilimia 20 tu. Hata ukiongezwa mara mbili kamili, umbali hupanda kwa asilimia 26. Jedwali la mtengenezaji likionyesha koili moja inaizidi nyingine kwa usikivu maradufu, sentimita 20 za kifaa cha fundi zinakuwa 25. Hizo zinaweza kuwa na thamani au zisiwe nayo, kutegemea mfumo.

Gharama ya faida hiyo ipo mahali pengine. Pembejeo ya chipu pamoja na njia za shaba kwenye ubao huongeza kapasitansi isiyopangwa. Ikiwa ni pikofaradi 10, kwenye saketi ya pikofaradi 225 huhamisha masafa kwa karibu kilohezi 2.7, kwenye ile ya 681 huyahamisha kwa kilohezi 0.9. Koili kubwa inaathirika mara tatu zaidi na kosa lilelile. Vilevile ukinzani wa pembejeo ya chipu huilemea zaidi koili ya milihenri nyingi. Ikichukuliwa pembejeo ya kiloomu 300 na koili zenye Q, yaani ukali wa resonansi, ya 30, ile ya milihenri 7.2 hushuka hadi Q ya 19 hivi, na ya 2.38 hubaki na 25. Kuna pia waya: mizunguko mingi kwenye nafasi ileile hudai waya mwembamba kuliko unywele, na waya huo ndio wa kwanza kukatika.

Q: mzozo unaotiwa chumvi

Q ni kipimo cha ukali wa resonansi. Saketi yenye Q ya 30 hukuza volteji mara 30 na kusikia ukanda wenye upana wa kilohezi 4.2. Yenye Q ya 15 hukuza nusu ya hapo na kusikia upana wa kilohezi 8.3.

Kambi ya Q kubwa husema ukuzaji huo ni wa bure, hauguswi na betri. Kambi ya Q ndogo hujibu kwamba vipuri havifanani: koili hutofautiana, kapasita hutofautiana, joto hubadilika, na saketi kali ikihama kidogo hupoteza kila kitu. Jibu hilo limezoeleka hadi likawa kanuni, lakini hesabu hailiungi mkono moja kwa moja. Koili yenye mkengeuko wa asilimia 3 na kapasita yenye mkengeuko wa asilimia 2, vikikosea upande mmoja, huhamisha masafa kwa karibu kilohezi 3. Hapo Q ya 30 hubaki na ukuzaji wa mara 17 hivi, na Q ya 15 hubaki na mara 12. Kubwa bado inaongoza. Mkengeuko ukiwa asilimia 5 kwa kila kimoja, masafa huhama kwa kilohezi 6 na ushee, na ukuzaji huwa mara 9.7 dhidi ya 8.5. Uongozi umekaribia kwisha, lakini haujageuka kuwa hasara.

Hasara halisi ni mbili, na hazitajwi sana. Kwanza ni kutofautiana. Kiwanda kinachotumia Q ya 30 na vipuri vya asilimia 5 kitatoa vihisi ambavyo kimoja kinasikia mara tatu zaidi ya mwenzake, na fundi atakutana na gurudumu moja linaloitika kwa mbali na jingine linalotaka kuguswa. Pili ni muda. Saketi kali huchelewa kujaa na huchelewa kunyamaza. Kwa Q ya 30, muda huo ni takriban maikrosekunde 76. Amri nyingi za vihisi hutumwa kwa kuwasha na kuzima uga kwa mwendo wa karibu biti 3,900 kwa sekunde, kwa mfumo wa Manchester, ambamo kila nusu ya biti ni maikrosekunde 128. Kwa Q ya 30 ishara hufika asilimia 81 ya kilele kabla ya kugeuka, jambo linalovumilika. Kwa Q ya 60 hufika asilimia 57 tu na haipati muda wa kushuka. Biti huanza kuingiliana. Kihisi kinachoamshwa na uga mtupu usio na maandishi hakijali hilo. Kinachosomewa amri au kuandikiwa programu kinajali sana.

Kwa hiyo fedha hutumika vizuri zaidi kwenye usahihi kuliko kwenye Q. Kapasita ya seramiki ya daraja la C0G yenye mkengeuko wa asilimia 2 ni nafuu, na huondoa sehemu kubwa ya tatizo ambalo wabunifu hujaribu kulitatua kwa kushusha Q kwa kipingamizi.

Feraiti na umbo lake

Feraiti ya manganizi na zinki ina upenyezaji wa sumaku wa elfu kadhaa. Ya nikeli na zinki mara nyingi ina mamia. Mnunuzi huvutiwa na ya kwanza. Lakini kijiti kilicho wazi pande zote mbili hakitumii upenyezaji wa nyenzo wote. Kijiti ambacho urefu wake ni mara 5 ya kipenyo huishia kwenye upenyezaji wa takriban 20, nyenzo iwe ya 500 au ya 2,000. Tofauti kati ya hizo mbili ni asilimia chache. Kurefusha kijiti kwa milimita mbili husaidia zaidi kuliko kubadilisha nyenzo. Jambo hilohilo hulinda koili dhidi ya joto: upenyezaji wa nyenzo ukipanda kwa asilimia 20, indaktansi ya kijiti husogea kwa takriban asilimia moja.

Nikeli na zinki ina sifa nyingine inayoamua. Haipitishi umeme kwa urahisi, kwa hiyo vituo vya kulehemu vinaweza kuwekwa juu ya feraiti yenyewe na waya kuzungushwa bila kikapu cha plastiki. Milimita iliyookolewa kwenye plastiki inaongezwa kwenye kijiti.

Metali iliyo jirani

Koili iliyopimwa mezani na koili iliyofungwa kwenye rimu haziwi na namba sawa. Rimu na kasha la betri huzalisha mikondo ya kuzunguka inayopunguza indaktansi na Q. Mhimili wa koili ukisimama wima juu ya metali, mikondo hiyo hupinga uga na kuufuta. Ukilala sambamba na uso wa metali, huuunga mkono. Uamuzi huu wa mwelekeo haugharimu senti, na unaweza kuleta faida kubwa kuliko koili ya bei mara mbili. Kapasita nayo ichaguliwe baada ya kupima koili ikiwa kwenye rimu, betri ikiwa mahali pake. Makosa mengi yanayosingiziwa koili ni ya hatua hii kurukwa.

Koili moja ina upofu: uga unaokuja kwa pembe ya mraba na mhimili wake hausikiki. Funguo za magari zisizoingizwa kwenye tundu hutumia koili za mihimili mitatu kwa sababu mfukoni haijulikani zimelala vipi. Kwenye gurudumu mlalo unajulikana, na kifaa cha fundi kinaweza kuzungushwa, kwa hiyo mhimili mmoja kwa kawaida unatosha.

Nguvu za gurudumu

Kihisi kilichoko sentimita 20 kutoka katikati ya gurudumu, kwenye tairi lenye nusu kipenyo cha sentimita 31, hupata nguvu mara 160 hivi ya uvutano wa dunia gari likienda kilomita 100 kwa saa. Kwa kilomita 200 ni mara 650. Koili ya gramu 0.3 huvuta vituo vyake kama mzigo wa karibu gramu 200. Ongeza joto la breki, baridi ya nyuzi 40 chini ya sifuri kwa magari ya kaskazini, na pigo la kila shimo la barabarani.

Gundi inayomiminwa ndani ya kihisi huzuia koili isitikisike, lakini huleta tatizo lake. Ikikauka na kusinyaa huibana feraiti, na feraiti iliyobanwa hubadilika upenyezaji. Gundi laini hubana kidogo na kushikilia kidogo. Ngumu hufanya kinyume. Koili iliyofunikwa kwa plastiki kiwandani hupunguza mbano huo kwa gharama ya ukubwa na bei. Cheti cha AEC-Q200 huonyesha kwamba koili imepita majaribio ya joto, mtikisiko na unyevu kwa vipuri vya magari, lakini hakisemi lolote juu ya gundi ya mnunuzi. Jaribio hilo ni la mbunifu mwenyewe.

Hoja ya kuiacha koili

Baadhi ya magari ya awali yalikuwa na kiamshi cha kilohezi 125 ndani ya kila tao la gurudumu, ili kompyuta ijue kihisi kipi kiko wapi. Mengi ya sasa yameondoa viamshi hivyo na kutambua nafasi kwa kulinganisha wakati wa utumaji na meno ya gurudumu la ABS. Tesla imekwenda mbali zaidi na kutumia vihisi vya Bluetooth katika baadhi ya magari yake. Vihisi vingine hujiamsha kwa mwendo au kwa presha kushuka ghafla.

Mabadiliko haya hayajaiua koili, ila yameishushia mzigo. Palipokuwa na kiamshi, kihisi kilitakiwa kusikia kwa nusu mita au zaidi gurudumu likizunguka. Kinapobaki kifaa cha fundi peke yake, sentimita 20 zinatosha. Usikivu uliozidi huwa na hasara: kihisi huamshwa na antena za funguo za gari lenyewe, zinazotumia masafa hayohayo au ya jirani, na kila kuamka bure hula betri isiyobadilishwa.

Uzito wa hoja

Kwa gari lenye viamshi kwenye matao, koili ndefu ya milihenri 7.2, Q ya 20 hadi 30 ikiwa imeshapimwa pamoja na chipu, na kapasita ya asilimia 2, ni chaguo linalotetewa na hesabu. Kwa kihisi kinachosubiri kifaa cha fundi tu, milihenri 2.38 hadi 4.77 zenye waya mnene zaidi na vituo imara hushinda, hata kama jedwali la usikivu linaziweka nyuma. Kwa kihisi mbadala kinachoandikwa programu kwa njia hii, Q inayozidi 30 ikataliwe bila majadiliano. Na katika hali zote tatu, koili mbili zikikaribiana, ichaguliwe iliyovumilia gundi na mtikisiko, kwa kuwa kupungua kwa umbali kunafidiwa kwa kusogeza kifaa, ilhali waya uliokatika haufidiwi kwa lolote.

Kwa fundi mwenye kihisi kisichoitika, kipimo cha kuitofautisha koili na betri kipo. Gari liendeshwe dakika kadhaa kwa mwendo wa barabara kuu. Kihisi kikionekana kwenye mpokeaji wa megahezi 315 au 433, betri yake ni nzima, na tatizo liko kwenye njia ya kilohezi 125.